Maua 1,600 kando ya fensi: kisa cha chozi mmoja wa Gilgil

Kisa hiki ni cha upande wa Gilgil, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, kwenye shamba la eka moja na nusu linalopakana na barabara ya vumbi. Mwenyewe ni mama aliyestaafu ambaye ana ng'ombe wawili wa maziwa, viazi kidogo na mahindi ya kula nyumbani. Kando ya fensi ya mashariki palikuwa na zizi la mbuzi, na mbuzi wenyewe aliwauza. Mvua ya masika ilipokwisha, pale pale palipokuwa na zizi pakajaa mmea mmoja mrefu, wenye mipira ya miiba na maua ya rangi ya chungwa. Kufikia Julai ulimfika mtu mabegani, na mahali pengine ulimpita kichwa.

Jirani wa upande ule, mzee anayelima mahindi hadi kwenye seng'enge, ndiye aliyeanza kulalamika. "Mama, hii takataka ikikauka itanimwagia mbegu shambani. Mwakani nitakuwa napalilia maua yako." Mama naye hakuwa na sababu ya kuutetea. Ng'ombe hawauli, mikono inachomeka, na ile nafasi alishaipigia hesabu ya nyasi ya boma rodesi. Kijana wa kibarua akaambiwa aje Jumamosi na slasha.

Kilichoahirisha kazi ni ndege. Juu ya nguzo ya fensi alikuwa akikaa chozi mmoja, ndege mdogo anayekunywa nekta, yaani maji matamu ya maua. Alikuwa mweusi mwenye mabawa ya njano, na kila ndege mwingine aliyegusa maua yale alimrukia na kumfukuza hadi ng'ambo ya barabara. Binti wa mama, aliyekuja kutoka mjini wikendi ile, akasema mahali hapo pasiguswe kabisa, hayo ni makazi ya ndege. Mzee akasema pafyekwe pote. Mama akabaki katikati na swali moja, ambalo ndilo lililoniletea kisa hiki: je, yule ndege ana kiota mle ndani? Nikikata, nitakuwa nimemvunjia nyumba?

Jibu fupi ni hapana. Jibu refu ndilo lenye faida, kwa sababu wote watatu walikuwa wanapima kitu kisicho sahihi. Walikuwa wakibishania ardhi: eneo lote, nusu ya eneo, au pasiachwe hata futi moja. Chozi hapimi ardhi.

Tuanze na mmea. Ni Leonotis nepetifolia, nami nitauita leonotisi kwa urahisi. Ni wa ukoo mmoja na mnanaa na mrehani, na ukilishika shina lake utahisi kona nne, kama ilivyo kawaida ya ukoo huo. Shina linapita katikati ya mpira wa kwanza, linaendelea juu, linapita wa pili, kisha wa tatu. Kila mpira ni mkusanyiko wa vikombe vidogo vya kijani vyenye ncha kali, na ncha hizo ndizo miiba. Ua linachomoza kutoka ndani ya kikombe: bomba lililopinda, refu kiasi cha sentimita mbili, lenye manyoya laini ya rangi ya chungwa juu yake. Maua ya mpira mmoja hayafunguki yote kwa pamoja. Leo yanafunguka machache, kesho mengine, na yaliyomaliza kazi yanadondoka huku kikombe kikibaki. Kikombe kikikauka ndipo kinapochoma sawasawa, na chini yake mna mbegu, hadi nne kwa kila ua.

Nekta iko mwisho kabisa wa bomba. Ulimi wa nyuki wa asali ni milimita sita hivi, kwa hiyo kwa mlango wa mbele hafiki. (Waliomwambia mama kwamba mizinga pale ingejaa haraka walimdanganya, ingawa bila nia mbaya.) Wapo wanaopitia mlango wa nyuma: nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao, na chozi wenye midomo mifupi, hutoboa bomba pale chini, wanakunywa na kuondoka bila kubeba chavua. Anayeingia kwa mbele bila shida ni mwenye mdomo mrefu uliopinda, na katika nyanda zetu hakuna chozi ambaye mdomo wake umepinda kama wa huyu wa mabawa ya njano. Anatua juu ya mpira wenyewe, kati ya miiba, anainama, mdomo unapita ndani ya bomba hadi mwisho. Wakati huo huo mdomo wa juu wa ua, ambao chini yake zimejificha chavua, unamgusa utosini. Anazunguka mpira ua kwa ua, kisha anaruka kwenda mpira mwingine na chavua yake kichwani. Leonotisi imesafirishwa ikaota hata Marekani, ambako hakuna chozi, na huko wageni wake ni ndege wavumaji, wale wanaokunywa huku wakielea hewani. Wa kwetu lazima atue. Kwake mpira wa miiba ni kiti.

Ndege mwenyewe ni chozi mabawa-dhahabu, Drepanorhynchus reichenowi, mwenye uzito wa gramu 15 hivi. Ni wa nyanda za juu za Afrika Mashariki na ukingo wa mashariki wa Kongo. Dume akiwa katika msimu wa kuzaa, mwili unang'aa shaba juu ya weusi. Nje ya msimu mng'ao huo unatoweka, anabaki mweusi butu, ila njano ya mabawa na mkia haimtoki. Yule wa Gilgil alikuwa mweusi butu. Kwa hiyo hakuwa na kiota mle, wala hakuwa akimwinda jike. Alikuwa akilinda chakula, basi.

Hapa watu wengi huishia, wakisema "ndege ana wivu na maua yake" na kuendelea na mambo mengine. Lakini kufukuza ni kazi ghali. Kwa nini mnyama wa gramu 15 aitumie nguvu yake kugombana, na hali anaweza kunywa na kukaa kimya kama wenzake?

Swali hilo lilijibiwa ndani ya kaunti hii hii. Mwaka 1975 watafiti wawili Wamarekani, Frank Gill na Larry Wolf, walichapisha katika jarida la Ecology kazi waliyoifanya Naivasha, juu ya chozi hawa hawa na leonotisi hii hii. Kazi hiyo husomwa na wanafunzi wa zuolojia duniani kote. Gilgil, mwendo mfupi tu kutoka huko kwa matatu, sijakutana na mtu aliyewahi kuisikia.

Walichofanya ni kutoza kila shughuli ya ndege bei yake. Kukaa tu kwenye kijiti kunamgharimu kalori 400 kwa saa. Kunywa kutoka ua hadi ua, kalori 1,000 kwa saa. Kufukuza wezi, kalori 3,000 kwa saa. (Hizi ni kalori ndogo. Elfu moja kati ya hizo ndizo zinazofanya kilokalori moja, ile inayoandikwa kwenye pakiti ya chakula.) Kisha wakapima kipato. Ikiwa kila ua lina wastani wa mikrolita moja ya nekta (sehemu moja ya milioni ya lita), ndege anahitaji saa 8 za kunywa ili apate mahitaji ya siku. Likiwa na mikrolita mbili, saa 4. Likiwa na tatu, saa 2.7.

Sasa weka hesabu hiyo mezani. Maua yasiyolindwa hunywewa na kila mpita njia, kwa hiyo kila ua hubaki na kidogo. Ukilinda, nekta inapata nafasi ya kujaa. Tuseme kulinda kumepandisha wastani kutoka mikrolita mbili hadi tatu. Ndege ameokoa saa 1.3 za kunywa, na saa hizo anazitumia kukaa. Tofauti ya kunywa na kukaa ni kalori 600 kwa saa, kwa hiyo ameokoa kalori 780. Kwa upande wa gharama, Gill na Wolf waliona ndege akitumia wastani wa saa 0.28 kwa siku kufukuza, karibu dakika 17. Tofauti ya kufukuza na kukaa ni kalori 2,600 kwa saa, kwa hiyo amelipa kalori 728.

Faida: kalori 52 kwa siku. Ukiigeuza kuwa sukari ni miligramu 13 hivi, chembe ambazo ungezipangusa mezani bila kuziona.

Faida hiyo ndogo inaeleza tabia ambayo kwa macho inaonekana kama hasira tu. Inaeleza pia kwa nini kuna siku ndege huyo huyo hajali. Maua yakiwa yamejaa tayari, tuseme mikrolita nne kwa kila ua, hata kama kulinda kutayapandisha hadi sita ataokoa kiasi cha kalori 400 tu, ilhali kulinda bado kunadai 728. Anaacha milango wazi. Na maua yakiwa machache kupita kiasi, hata ayamiliki peke yake hayamlishi, kwa hiyo anahama. Ulinzi unalipa pale katikati tu. Wazo hilo la jumla, kwamba mnyama hulinda eneo pale tu ambapo faida inazidi gharama, lilikuwa limeandikwa na mtafiti wa ndege Jerram Brown mwaka 1964. Naivasha ndipo lilipowekewa tarakimu.

Kipimo kinachogusa fensi ya mama ni kingine katika kazi ile ile. Maeneo yaliyolindwa na chozi wa Naivasha yalitofautiana ukubwa kupita kawaida: dogo kabisa lilikuwa mita za mraba 6.7, chumba kidogo cha kulala, na kubwa kabisa mita za mraba 2,300, zaidi kidogo ya nusu eka. Lakini ndani yake idadi ya maua ilikaribiana, wastani wa 1,600 hivi. Penye maua yaliyosongamana ndege alilinda kipande kidogo, penye maua ya kutawanyika alilinda kipande kikubwa. Anachohitaji ni maua ya kumtosha siku moja.

Kaunti hii inauza waridi ng'ambo kwa kuhesabu shina, na hakuna mkulima wa maua Naivasha atakayekuambia ana "eka za maua" bila kukutajia mashina. Basi tulihesabu na sisi. Tuseme shina moja la leonotisi lina mipira mitatu yenye maua, na kila mpira una maua kumi yaliyofunguka siku hiyo. Hayo ni maua 30 kwa shina. Mashina 54 hivi yanamtosha chozi mmoja. Zizi la zamani la mbuzi lilikuwa na mashina mengi kuliko hayo. Tulipokadiria kwa vipande, jumla ilipita hitaji la ndege mmoja karibu mara mbili.

Hapo ndipo jambo ambalo mama alikuwa akiliona kila siku bila kulipa maana lilipoeleweka. Yule dume hakuwa akilinda zizi lote. Alilinda nusu ya kaskazini, iliyo karibu na nguzo yake. Nusu ya kusini, ile inayogusa mahindi ya mzee, chozi wengine walikuwa wakinywa bila kuguswa: chozi wadogo wenye tumbo la njano, na mara moja moja chozi shaba mwenye mkia mrefu. Mwenye mabawa ya njano aliwatazama tu. Kwa nini alipe ulinzi wa maua asiyoyahitaji?

Kwa haraka, ungesema kesi imekwisha: kata kusini, acha kaskazini, mzee ameridhika, ndege amebaki. Binti wa mama alilisema hilo kabla sijamaliza kuhesabu. Nilipinga, na sababu imo ndani ya zile kalori 52.

Wale chozi wadogo wa kusini hawatayeyuka slasha ikipita. Watahamia kaskazini siku hiyo hiyo. Dume alikuwa akitumia, kwa kipimo cha Naivasha, dakika 17 kwa siku kufukuza. Gawa 780 kwa 2,600 utapata saa 0.3, yaani dakika 18. Akilazimika kufukuza dakika moja na ushei zaidi kwa siku, faida yake yote imekwisha. Kwa hiyo unaweza kuacha maua yake yote 1,600 bila kugusa hata moja, na bado ukamfukuza, kwa kumletea wageni wengi kwa mpigo. Bila shaka hizo ni tarakimu za wastani, na ndege halisi ana nafasi ya kujirekebisha. Mwaka 1979 mtafiti mwingine, Graham Pyke, alizirudia data zile zile na kuona kwamba chozi hao walielekea kubana matumizi ya siku nzima, kutumia nguvu kidogo iwezekanavyo, kuliko kulimbikiza. Lakini hata hivyo mfuko wenyewe ni mwembamba.

Ushauri wangu ulikuwa kukata kusini kwa awamu, kuanzia kwenye seng'enge ya mzee, na kupisha siku kadhaa kati ya kipande na kipande. Mzee hakupenda. Kwake kazi ya nusu siku ilikuwa imegeuzwa kuwa ya wiki tatu kwa ajili ya ndege asiyetoshea hata kwenye kikombe. Hofu yake, hata hivyo, nayo ilikuwa ya haki, na sikubaliani na wanaoipuuza. Leonotisi ni mmea wa mwaka mmoja unaoishi kwa mbegu tu, na katika nchi ulikopelekwa umekuwa gugu la kusumbua. Vikombe vilivyokauka vinamwaga mbegu upepo ukitikisa shina au ng'ombe akipita. Mahindi yake yako hatua mbili kutoka hapo. Kwa hiyo tulianza kwake: kipande cha kwanza kilikatwa Jumamosi ile ile kijana alipokuja, mipira ya chini ikiwa bado ya kijani na mbegu hazijakomaa. Mzee akapata alichohitaji kweli, yaani upande wake kuwa safi kabla ya mbegu.

Baada ya kipande hicho ugomvi uliongezeka kaskazini. Mama alisema asubuhi zilikuwa na kelele kuliko kawaida. Dume hakuondoka. Baada ya kipande cha pili alifanya jambo ambalo ni Naivasha tupu: alipanua mpaka. Ng'ambo ya barabara palikuwa na mashina machache ya leonotisi yaliyotawanyika, ambayo hapo awali hakuyajali, naye akaanza kufukuza ndege kutoka huko pia. Eneo lake likawa kubwa zaidi kwa ardhi, huku idadi ya maua, kwa makadirio, haijabadilika sana.

Kipande cha tatu hakikumkuta. Agosti maua yalianza kupungua yenyewe, mipira mingi ikawa ya kahawia hadi juu, na siku moja nguzo ikawa haina mtu. Binti aliliona hilo kama kushindwa. Mimi naliona kama kawaida ya chozi asiye na kiota: anakaa palipo na maua ya kutosha, yakipungua anahamia penye mengine. Zizi moja likifyekwa Gilgil halimuui. Kinachomuumiza ni zizi, barabara, kiwanja cha shule na shamba la jirani vikifyekwa wiki moja, maua yakiwa wazi, kwa sababu tu mgeni wa heshima anapita. Hapo pa kuhamia hapapo. Ningeweza kuomba jambo moja kwa wanaofyeka kando ya barabara za huku, ningeomba wafanye upande mmoja kwanza, na wa pili mwezi unaofuata.

Limebaki suala la mwakani, na hapa niligongana na binti tena. Alitaka upande wa kaskazini uwekewe waya na kuachwa kabisa. Ukifanya hivyo, miaka michache baadaye hutakuwa na leonotisi. Mmea huu unapenda udongo uliochafuliwa: zizi la zamani, ukingo wa barabara, malisho yaliyokanyagwa na kuliwa hadi chini. Uliota pale kwa sababu ya kwato na samadi ya mbuzi. Udongo ukitulia, nyasi hufunga kwanza, kisha kichaka cha leleshwa kinaingia, na kila mtu wa Gilgil anajua leleshwa ikishaingia nani ataitoa. Anayetaka maua haya lazima audhi udongo kila mwaka, ila kwa wakati wake: mipira ikishakauka yote na mbegu kudondoka, fyeka, parua kwa jembe, au pitisha ng'ombe mara kadhaa kabla ya mvua.

Mama aligawa. Nusu ya kusini inapandwa boma rodesi. Nusu ya kaskazini ilifyekwa mwishoni mwa Septemba, mashina yaliyokauka yakitikiswa pale pale kabla ya kubebwa, na kijana aliyeyabeba alivaa glavu za kuchomelea alizoazima kwa fundi. Mzee alikubali mpango huo kwa sharti kwamba mche wowote utakaovuka seng'enge ataung'oa mwenyewe bila kuja kuuliza. Mama akamwambia hilo halina neno, ilimradi aung'oe ungali mdogo, maana ukiwa mchanga unatoka kwa mkono bila miiba.